"Slavery" au "slave trade", "fled" au "eloped": maneno ya kuchagua unapomtembeza mgeni Unguja

Kijana mmoja anayejifunza kazi yetu alisimama na wageni wake sita mbele ya kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Mimi nilikuwa nyuma yake na kundi langu, nasubiri zamu. Akasema kwa sauti nzuri, ya kujiamini: "Slavery was abolished here in 1873." Mama mmoja wa makamo akatoa kidaftari, akaandika. Nilipomuona anaandika moyo ukanishtuka. Kijana hakukosea mwaka wala sarufi. Alikosea neno moja tu, na kwa neno hilo miaka 24 ya watu waliobaki utumwani ikafutika katika daftari la mtu aliyetoka mbali kuja kutusikiliza.

Tulipoachana na wageni nikamwita pembeni. Akanisikiliza, kisha akaniuliza: "Ami, kwani si kitu kimoja? Utumwa si ndio huo huo?" Swali lake lilikuwa la haki. Kwa Kiswahili tunasema utumwa ulikomeshwa, na kila mtu anaridhika. Kamusi nayo haimsaidii, kwa sababu inampa tafsiri na kumwachia mwenyewe kazi ya kuchagua.

Haya nimeyaandika kwa ajili yake na kwa wenzangu wote wa kutembeza wageni. Maneno ya mitihani ya skuli nimeyaacha. Nimechukua yale yanayotutoka mdomoni kila siku, yanayokaribiana mpaka yanadanganya, ambayo ukiliweka moja mahali pa jengine unaibadili habari yenyewe ya visiwa vyetu.

Mkunazini

"Slave trade" ni biashara: kununua watu, kuwasafirisha, kuwauza. "Slavery" ni hali: mtu kumilikiwa na mtu. Hapa kwetu mambo haya mawili yalikwisha kwa nyakati mbili mbalimbali, ndiyo maana maneno yake hayawezi kupokezana nafasi. Juni 1873 Sultan Barghash, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba wa kuzuia watumwa wasisafirishwe kwa bahari na wa kulifunga soko la hapa mjini. Waliokwisha kumilikiwa waliendelea kumilikiwa, na waliendelea kuchuma karafuu katika mashamba ya Unguja na Pemba. Utumwa uliondolewa kisheria kwa amri ya 1897, enzi ya Sultan Hamoud, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani akaudai uhuru wake. Masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka 1909.

Basi ukisimama Mkunazini sema "the slave market was closed in 1873". Ukizungumzia mkataba, sema "the slave trade by sea was banned". "Abolished" kiweke akiba mpaka ufike 1897, na hapo kiunganishe na "slavery". Viangalie na vitenzi: soko lilikuwa "closed", biashara ikawa "banned", hali ya kisheria ikawa "abolished". Sisi vyote vitatu tunavibeba kwa kukomesha, na sikio letu halioni tatizo. Mgeni anayesikia "abolished in 1873" anaondoka akiamini kwamba jioni ya siku ile watu walilala huru.

Hapohapo inakuja jozi nyengine: "slave" au "enslaved person"? Siku hizi wageni wengi, khasa Wamarekani weusi, wanapendelea la pili. "Slave" linamtaja mtu kana kwamba utumwa ndio ubinadamu wake wote. "Enslaved" lina umbo la kutendwa, kwa hiyo linakumbusha kwamba yuko aliyemtenda. Hili sisi linatuingia upesi kuliko watu wengi, kwa sababu mtumwa ni neno la kutendwa tangu hapo: ni yule anayetumwa. Shina lake ni lile lile lililotupa mtumishi, na lililotupa Mtume. Mtu aliyelelewa na lugha hii hawezi kuona kuwa "enslaved" ni mbwembwe za wasomi.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Nikisimulia watu, waliotembezwa kwa miguu kutoka pande za Ziwa Nyasa hadi Kilwa kisha wakapakiwa majahazini, nasema "enslaved people". Katika majina yaliyokwisha kukaa, kama "slave trade" na "slave market", naliacha "slave" kama lilivyo. Nimewahi kusikia "the enslaved market". Hilo halisimami, maana litakuwa ni soko ndilo lililotiwa utumwani.

"Servant" usilitumie kabisa kwa mtumwa. Najua linakotoka: kuna wenzetu wanaoona haya mbele ya mgeni, wakatafuta neno laini. Lakini "servant" analipwa mshahara na anaweza kuacha kazi akaenda zake. Kumwita hivyo mtu aliyenunuliwa pale ni kumdhulumu mara ya pili.

Kuna mahali ambapo Kiingereza ndicho kinachopungukiwa. Sisi tuna mtwana na mjakazi, tuna mzalia aliyezaliwa hapa kwa wazazi walio utumwani, na tuna suria. Kiingereza kinawaita wote "slave", halafu kinaongeza maelezo: "a male slave", "born into slavery here". Anayetutaabisha zaidi ni suria. Wengine humwita "mistress", wengine "second wife". Vyote viwili si sawa. "Mistress" ni hawara, mwanamke aliye na mume wa mtu kwa hiari yake nje ya ndoa. "Second wife" ni mke wa halali, mwenye mahari yake. Suria alikuwa mwanamke anayemilikiwa, ila mtoto aliyemzalia bwana wake alizaliwa huru na kurithi kama mtoto wa mke. Neno lililo karibu ni "concubine", nalo peke yake halitoshi. Lifuatishe sentensi moja, kwamba watoto hao walikuwa huru na kwamba baadhi yao walikuja kukalia kiti cha usultani. Ukiiacha sentensi hiyo, mgeni hataweza kufahamu Bibi Salme alikuwa nani, na Bibi Salme ndiye wanayemuulizia kuliko wote.

Bibi Salme alifanya nini khasa?

Kwa Kiswahili alitoroka. Neno letu hili ni pana mno: mfungwa hutoroka jela, mtoto hutoroka skuli, askari hutoroka kambini, binti hutoroka na mchumba. Kiingereza kinataka useme ni kutoroka kupi, na kila ukichagua unamhukumu yule bibi kwa namna fulani. Ndiyo maana nimelifikiria jambo hili kwa miaka.

Habari yenyewe kwanza. Salme alizaliwa 1844 katika kasri la Mtoni, binti wa Seyyid Said bin Sultan na suria wa Kicherkesi. Akiwa mjini alijuana na mfanyabiashara wa Kijerumani, jirani yake, Heinrich Ruete, akashika mimba. Agosti 1866 alipanda manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, ikampeleka Aden. Ruete alibaki Unguja kumalizia shughuli zake za biashara, akamfuata baadaye. Mwaka 1867, hukohuko Aden, Salme alibatizwa kwa jina la Emily na wakaoana.

"Escaped" linataka pawe na kitu kilichomshika mtu: jela, kizimba, mikono ya adui. Ukisema "she escaped from Zanzibar" umeigeuza Unguja nzima kuwa gereza, na umemfanya bibi aliyekuwa na nyumba yake na mashamba yake aonekane mfungwa. Wako wageni wanaopenda kusikia hivyo kwa sababu ya wanayoyaamini juu ya wanawake wa Kiislamu. Tusiwaongezee.

"Ran away" ni la mtoto aliyekimbia kwao, au la mtu anayekwepa wajibu wake. Salme alikuwa anakaribia miaka 22 na alijua anachokifanya. Neno hili linampunguza.

"Eloped" ndilo wanalolipenda wenzetu wengi, kwa kuwa linanukia mapenzi. Maana yake ni wawili kuondoka pamoja kwa siri ili wakaoane. Mapenzi yalikuwepo, siri ilikuwepo, ndoa ilikuja. Lakini pamoja hawakuondoka. Alipanda chombo bila mwanamme wake, na mimba tumboni, akasubiri katika mji wa ugeni kwa miezi. "Eloped" linaifuta ile miezi, na kwangu mimi miezi ile ndiyo inayoonesha ujasiri wake.

"Left" ni kweli tupu, na linafaa pale unapokuwa na dakika moja tu mlangoni. Ubaya wake ni kuwa halisemi kwa nini.

Nimebaki na "fled". Neno hili lina hofu nyuma yake na haraka ndani yake, halimtii mtu pingu na halimfanyi mtoto. Mimba ile, katika ukoo ule, ilikuwa hatari kwa maisha yake, na "fled" linalisema hilo bila ya kumtukana mtu. Nasema "She fled to Aden in 1866, alone and expecting a child, and he joined her there." Wageni hunyamaza.

Jihadhari na kitu kimoja: "flee" wakati uliopita ni "fled", na "flew" ni la kuruka kwa mbawa au kwa ndege. Nimelisikia kundi zima likiangua kicheko kwa kuambiwa "she flew to Aden", na kijana asijue kwa nini. Sikucheka. Kicheko kile kiliiua hadithi palepale, na kijana hakuweza kuinyanyua tena.

"Fled" linamfaa na Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha usultani bila ya Waingereza kumridhia, akapigwa mizinga na kukimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani 27 Agosti 1896: "he fled to the German consulate and took refuge there". Na kwa kuwa tumefika kwenye siku hiyo, kuna "war", "battle" na "bombardment". Sisi zote ni vita. Wageni wanakuja wameshasikia kwamba ile ndiyo "the shortest war in history", dakika kama 38, na "war" ndilo jina lake katika vitabu, kwa hiyo anza nalo. Usitie "battle", kwa sababu linaleta picha ya pande mbili zilizokabiliana kwa nguvu zinazokaribiana. Kilichotokea ni manowari za Kiingereza kulipiga kasri mizinga kutoka baharini, na kwa upande wetu watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa. Hiyo ni "bombardment". Neno la mwanzo litaje kama jina, hili la pili litumie kusimulia. Wageni wanaokuja na "the shortest war" huja wakitabasamu, na wakishasikia "bombardment" na ile idadi, hutazama upande wa bahari kwa namna nyengine.

Maneno ya siasa nitayapita haraka. Zanzibar ilikuwa "protectorate" ya Uingereza kuanzia 1890, haikuwa "colony". Sultani alibaki kwenye kiti ingawa amri nyingi zilitoka kwengine. Tarehe 12 Januari 1964 ni "the Revolution". Mgeni akiita "the coup" usiitikie tu kwa heshima, kwa sababu "coup" ni kundi dogo, aghlabu la wanajeshi, kumwondoa mtawala na kukaa mahali pake. Kiswahili kinayaita yote mapinduzi, kwa hiyo ni rahisi kuteleza. Na 26 Aprili 1964 ni "the Union", si "the Unity". "Union" ni nchi mbili kuwa dola moja kwa mkataba. "Unity" ni umoja wa nyoyo, nao hautiwi saini.

Majumba

"Historic" na "historical". Kijana mmoja aliniambia yeye hutumia lolote linalomjia kwanza. "Historic" ni kitu chenye uzito katika historia, kitu kilichoacha alama. "Historical" ni chochote kinachohusu mambo ya kale, kikubwa au kidogo. Mji Mkongwe ni "a historic town", na tangu 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO kwa sababu hiyo. Karatasi zilizohifadhiwa Nyaraka za Taifa pale Kilimani ni "historical documents": hata risiti ya mchele ya miaka mia iliyopita ni "historical", ingawa haikubadili kitu. Kuutia saini ule mkataba wa 1873 kulikuwa "a historic moment". Ukisimama mbele ya mlango wa Kizanzibari uliochongwa na hujui la kusema, "historic" inafaa ikiwa unaweza kueleza umuhimu wake. Kama huwezi, sema "old", ni neno la heshima.

Mji wenyewe uite "Stone Town". Wapo wanaotafsiri moja kwa moja wakasema "Old Town", na mgeni anafikiri unazungumzia ule wa Mombasa.

Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliyojengwa 1883 kwa amri ya Sultan Barghash, sehemu yake iliporomoka 25 Desemba 2020. Wageni wakiona hali ilivyo huuliza, na hapa nasikia "it was broken" au, vibaya zaidi, "it was demolished". Kiswahili kinatuongoza vizuri sana tukikisikiliza: kubomoka na kubomolewa. Kilichobomoka ni "collapsed". Kilichobomolewa ni "demolished", yaani kuna aliyekuja na nyundo. Herufi chache katika kitenzi chetu ndizo zinazotenganisha maneno mawili mazima ya Kiingereza. Ukijiuliza kwanza kwa Kiswahili hutakosea.

Ukarabati hauna msaada huo. "Repair" ni kutengeneza kilichoharibika. "Renovate" ni kulifanya jengo liwe jipya na zuri, hata kwa kubadili vitu. "Restore" ni kulirudisha lilivyokuwa, kwa chokaa yake na boriti zake. Ukiwa mjini kwetu tofauti ya haya mawili ya mwisho ni tofauti ya kuulinda mji na kuupoteza. Nyumba iliyopigwa saruji na kutiwa madirisha ya alumini imekuwa "renovated". Usimwambie mgeni kuwa ni "restored", kwa sababu anayejua ataona kwa macho yake.

Baharini

Kobe na kasa hatuvichanganyi kwetu, mtoto wa miaka mitano anavijua. Cha ajabu ni kwamba tukifika kwenye Kiingereza tunavichanganya. Kobe wa kisiwa cha Changuu ni "tortoises": wana miguu, wanatembea nchi kavu, na wa mwanzo, wanne, waliletwa kutoka Shelisheli 1919. Kasa wa Nungwi ni "turtles": wana mapezi na maisha yao ni majini. Mwingereza ukimwambia "giant turtles" pale Changuu atakusahihisha. Mmarekani hatakusahihisha, kwa sababu kwao "turtle" ni jina la jumla linalowakusanya wote. Basi usimkosoe Mmarekani anaposema "turtle", lakini wewe sema "tortoise" kwa kobe na "sea turtle" kwa kasa. Maneno hayo mawili kila mtu anayafahamu.

Kisiwa chenyewe wanakiita "Prison Island", na wageni wanategemea kuona vyumba vya wafungwa. Jengo lilijengwa miaka ya 1890 liwe "prison", lakini likatumika kuwa "quarantine station". Usilichanganye hilo na "isolation". "Quarantine" ni kumtenga anayeshukiwa, aliyetoka kwenye chombo au nchi yenye maradhi. "Isolation" ni kumtenga aliyekwisha kuumwa.

Sasa "until" na "by", ambazo mwenyewe zilinigharimu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na mume na mke wa kuwapeleka kwenye fungu la mchanga la Nakupenda. Fungu lile hufunikwa maji yakijaa, kwa hiyo saa ya kuondoka si ya kuchezea. Usiku nikawaandikia ujumbe, nikifikiri kwa Kiswahili kwamba mpaka saa tatu muwe tayari: "Please be ready until nine." Nilifika hotelini saa tatu na dakika tano, hawapo. Walikuwa tayari tangu saa mbili, wakaketi na mabegi yao. Ilipogonga saa tatu hawajaniona, wakadhani nimewatupa, wakaondoka na mtu mwengine. Ujumbe wangu uliwaambia wawe tayari hadi saa tatu, kisha basi. Nao walifanya hivyo hivyo. Niliyeumia zaidi ni nahodha wangu, aliyekuwa ameshanunua mafuta.

"Until" ni hali inayoendelea mpaka saa fulani, kisha inakoma. "By" ni jambo liwe limeshatimia saa hiyo ikifika. Mpaka yetu inafanya kazi zote mbili, na hapo ndipo mtego ulipo. Kabla ya kuandika jaribu kutia ifikapo mahali pa mpaka. Sentensi ikisimama, ifikapo saa tatu muwe tayari, unataka "by". Isiposimama, unataka "until". Hii hapa sentensi moja yenye yote mawili, ya kuwaambia wageni mkiwa kwenye fungu lenyewe: "The sandbank stays dry until noon, so please be back at the boat by half past eleven."

Kukodi boti: Mwingereza "hires" boti au baiskeli kwa saa chache na "rents" nyumba kwa miezi. Mmarekani "rents" vyote. Boti nzima pamoja na nahodha na mabaharia wake ni "charter", na ukiandika "charter" bei yako haitashangaza mtu.

Shambani

Karafuu ni tumba la ua lisilochanua. Kwa Kiingereza ni "bud". Kila siku nasikia "seed" na "fruit", na anayejua mimea hupoteza imani nawe palepale. Kungumanga ndiyo "seed", na basibasi, ule wavu mwekundu unaoivaa, ni "mace". Mdalasini ni "bark". Tangawizi na manjano "root" inatosha kwa kila mgeni isipokuwa mtaalamu wa mimea. Makonyo ni "clove stems", na usiyasahau, kwa sababu nayo yana soko lake.

Asili inatupa maneno matatu. "Native" ni kinachoota au kuishi mahali bila ya kuletwa na mtu. "Endemic" ni kile ambacho kwa asili hakipatikani popote duniani ila hapo: kima punju wa msitu wa Jozani, na yule popo mkubwa wa Pemba. "Introduced" ni kilicholetwa. Karafuu, pamoja na sifa zote inazotupa, ni "introduced": asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, nayo ilifika hapa mwanzoni mwa karne ya 19. Tukisema "cloves are native to Zanzibar" tunasema lisilo kweli juu ya mti tunaoupenda, na hautuhitaji tuuseme hivyo.

Na pilau. "Spicy", kwa mazoea ya Waingereza na Wamarekani, ni pilipili. Ukimwambia mama wa watu kuwa pilau ya leo ni "spicy" atasogeza sahani, atakula ndizi. "Hot" nayo ina njia mbili, ya moto na ya pilipili, na hajui umekusudia ipi. Pilau yenye mdalasini, iliki, karafuu na bizari nzima, isiyo na pilipili hata chembe, ni "fragrant" au "full of spices". Tangu nibadili neno hilo sijaona sahani iliyorudi.

"Sorry"

Mgeni akijikwaa kwenye ngazi vijana wetu husema "sorry", wakikusudia pole. Mwingereza hujibu "it's not your fault", anashangaa kwa nini unajilaumu. Kwa kujikwaa sema "Are you all right?". Ukitaka kupita katika kichochoro kilichojaa watu sema "excuse me" kabla, na "sorry" ukishamgusa mtu.

Pana mahali pamoja ambapo "I'm sorry" inabeba karibu pole yote. Ni pale Mkunazini, penye sanamu tano zilizosimama shimoni na minyororo shingoni. Mwaka jana mama mmoja kutoka Marekani alilia pale. Nilimwambia "I'm so sorry", nikanyamaza. Baada ya muda akaniuliza sisi tunasemaje. Nikamwambia kwa mtu mmoja ni pole, na kwa watu wengi ni poleni. Akageuka kulekule shimoni, akawatazama mmoja mmoja, akasema taratibu: "Poleni."